Insulini wiki ya nne, asubuhi bado naamka na sukari ya 14. Nakosea wapi?

mkarafuu_mkongwe (Jumapili, saa 3:10 usiku)

Asalaam aleikum ndugu zangu.

Mie niko Pemba, upande wa Wete, umri 53. Kisukari ninacho mwaka wa 11 huu. Vidonge nimekula mpaka nikawa navimeza bila ya maji. Mwezi uliopita daktari akaitizama karatasi ya kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, imesoma asilimia 11.2, akavua miwani, akanambia, "Mzee wangu, kongosho lako limechoka. Tutie insulini."

Usiku ule sikulala. Kwetu mtu akisikia fulani kaanza sindano, anauliza arubaini yake lini.

Nikapewa ile ya mchanganyiko, 30/70, ya kichupa, na sindano zake ndogo. Yuniti 16 asubuhi na 8 jioni, nusu saa kabla ya kula. Kliniki nilijichoma mwenyewe mbele ya nesi, nikaona si chochote. Kasheshe ikawa nyumbani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda robo saa nzima, tumbo nimelifinya kwa mkono wa kushoto, sindano mkono wa kulia, mke wangu kasimama na tochi kama tunamtafuta panya. Mwisho akanambia, "Bwana we, wali unapoa." Nikachoma. Haikuuma. Wallahi kutoboa kidole kunauma zaidi.

Sasa shida yangu hii. Nina daftari, naandika kila kitu. Wiki ya kwanza asubuhi kabla ya kula: 11, 9.2, 8.4, 7.9. Nikafurahi. Wiki ya pili ikaanza kupanda: 10.8, 12, 13.6. Nikarudi kliniki, dozi ikapandishwa 20 na 12. Wiki ya tatu 14. Ikapandishwa tena, 24 na 16. Leo asubuhi 14.3.

Chakula nimepunguza mpaka najionea huruma. Usiku wali kijiko cha upawa kimoja, mchuzi wa samaki na mchicha. Chai sitii sukari. Mke wangu ananituhumu kuwa naiba halua, na hapa Wete halua haiko mbali na mtu.

Mwenye kujua anisaidie. Insulini hainikubali?

kijana_wa_darajani (saa 3:25 usiku)

Pole sana ami. Naweka kigoda, mama yangu naye kaambiwa aanze mwezi ujao na amegoma.

dawa_ya_babu (saa 3:41 usiku)

Insulini ukishaingia hutoki. Jirani yetu alianza, mwaka haukwisha macho yakaenda. Roweka uwatu usiku, asubuhi unywe maji yake na majani ya mpera, wiki mbili utanishukuru. Spitali wanakufungisha ndoa na sindano.

NesiMstaafu (saa 4:30 usiku)

Waaleikum salaam mkarafuu. Nimefanya kliniki ya sukari miaka mingi, Unguja na Pemba, sasa nimestaafu, nalea wajukuu na kupiga soga humu.

Nianze na dawa_ya_babu, kisha nimwache. Mwanangu, macho hayaharibiwi na insulini. Yanaharibiwa na sukari iliyokaa juu miaka kumi huku mtu anakunywa uwatu. Akija spitali amechelewa, anaanzishiwa sindano, miezi sita baadaye haoni, lawama anabebeshwa aliyekuja mwisho. Uwatu ule kama chakula, haukatazwi. Lakini mtu asiache dozi yake kwa ajili yake.

Sasa wewe, kaka yangu. Daftari lako limenambia kitu ambacho wewe mwenyewe hujakisoma. Wiki ya kwanza, kwa dozi ndogo, sukari ilishuka. Kwa hiyo insulini inakukubali vizuri tu. Kuna kitu kimebadilika baina ya wiki ya kwanza na ya pili, na hakikubadilika mwilini mwako. Insulini ya yuniti 24 haiwezi kufanya kazi ndogo kuliko ya yuniti 16 iliyotoka kichupa kimoja, mtu yule yule, chakula kimepungua.

Nijibu haya. Kichupa unakiweka wapi, na nani anakishika? Unachoma sehemu gani ya mwili, na je, unahama? Kabla ya kuvuta unafanyaje, maana ile ya 30/70 inajitenga, ya maziwa inakaa chini? Unapima umenawa? Vidonge vya zamani umeambiwa uache vipi? Na umewahi kupima saa tisa za usiku hata mara moja? Wapo watu sukari yao inapanda yenyewe alfajiri, homoni za kuamkia ndiyo zinaipandisha, na huwezi kulijua hilo kwa kupima asubuhi peke yake.

Usiongeze hata yuniti moja kwa akili yako kabla hujanijibu.

mkarafuu_mkongwe (Jumatatu, saa 1:15 asubuhi)

Ahsante sana dada. Nakujibu kama nilivyo.

Kupima: napima nikishasali alfajiri, nimetawadha, mikono safi. Ila nakiri kuna siku nilipima mchana nimetoka kumenya embe boribo, mashine ikasoma 19. Nikanawa kwa sabuni, nikapima kidole chengine, 11.4. Siku ile nilijua kuwa mashine haipimi damu tu, inapima na uchafu wa mkono.

Na jengine la mashine: shemeji yangu aliniletea moja kutoka Dubai. Nikaipima mara ya kwanza, ikaandika 252. Mke wangu akaanza kulia. Kumbe zile zinahesabu kwa miligramu, unagawa kwa 18, ikatoka 14. Tumeirudisha kabatini, tunatumia ya hapa.

Vidonge: metformini naendelea, glibenklamidi nimeambiwa niache na nimeacha.

Kuchoma: tumboni, kushoto ya kitovu, hapo hapo. Nimepapenda kwa kuwa hapaumi tena.

Kabla ya kuvuta nakitikisa sana, kama dawa ya kikohozi.

Saa tisa usiku sijawahi, stripu za kupimia ghali.

Kuweka: nyumbani friji letu lilikufa tokea mwaka juzi. Wiki ya kwanza nilikiweka kwenye kopo chumbani, watu wakanitisha kuwa joto litaiua. Basi nikamuomba jirani mwenye duka, ana friji kubwa, anauza soda na malai. Kinakaa humo, asubuhi na jioni mjukuu wangu anakwenda kukichukua na kukirudisha.

mamake_wawili (saa 2:02 asubuhi)

AMI. MALAI.

Niko njiani kazini, naandika haraka. Friji linalogandisha malai haliko nyuzi 2 mpaka 8, lile liko chini ya sifuri, au lina upande mmoja ulio hivyo. Mwanangu wa skuli ana kisukari tokea ana miaka 6, sasa ana 11. Mwaka wa kwanza niliweka kichupa chake nyuma kabisa ya friji, kikagusa ukuta wa barafu. Kilipoyeyuka kikaonekana kama kawaida. Siku tatu mtoto alikuwa 20 na kitu, anatapika, tukalazwa. Insulini ikiganda imekufa, hata iyeyuke vipi.

Kichukue sasa hivi. Kizungushe baina ya viganja taratibu, usikitikise, halafu kinyanyue kwenye mwanga utizame.

mkarafuu_mkongwe (saa 6:40 mchana)

Nimekitoa. Nimekizungusha mara 20 nahesabu kwa sauti, mjukuu ananitizama. Nimekwenda nacho mlangoni kwenye jua.

Jamani. Kilitakiwa kiwe cheupe kimoja kama tui. Hichi ni tui lililokatika. Juu maji maji, katikati vinaelea vipande kama machicha, na kwenye kioo pembeni kuna unga mweupe umegandia, nikikipindua haushuki. Na nilikuwa navuta humo humo wiki mbili unusu, yuniti 24, najiona nimechoma.

Nimemuuliza yule jirani, akanambia, "Kwani dawa si ndiyo inatakiwa iwe baridi? Mie nilikutilia pahala pazuri kabisa, pale chini ya trei ya malai." Nimeshindwa kukasirika. Alinifanyia wema.

Naingia mjini sasa hivi kutafuta kichupa kipya.

NesiMstaafu (saa 1:20 usiku)

Alhamdulillahi limejulikana. Mamake_wawili, Mungu akulipe.

Mkarafuu, nakuomba usome hii kabla ya kuchoma. Dozi ya 24 na 16 ilipangwa kwa kuangalia kichupa kilichokufa. Daktari alikuwa anapandisha kwa kuwa haoni kushuka, na hakuwa na la kushuka. Ukichoma 24 kutoka kichupa kizima, hiyo ni 24 ya kweli. Mpigie au mwendee aliyekupangia, umweleze habari ya malai, akupe dozi upya. USICHOME 24. Nijibu tu kama umeona.

NesiMstaafu (saa 3:50 usiku)

Mkarafuu?

bikizee_wa_ng'ambo (saa 4:15 usiku)

Tunamsubiri, lakini mmenikumbusha mbali. Mnaikumbuka ile miezi mitatu ya kiza Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipokatika? Marehemu mama yangu alikuwa kwenye insulini. Majenereta yalikuwa ya wenye nazo, na petroli foleni. Sie tulikuwa na mtungi wa maji, ule wa udongo, uko ukumbini kwenye pembe yenye upepo. Kichupa tulikitia ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, kopo tukalifunga uzi, tukaliteremsha likaning'inia juu ya maji. Kila asubuhi nilimwagia mtungi maji kwa nje. Mkono ukiutia ndani unahisi tofauti.

Sukari yake haikutetereka kipindi chote hicho. Iliyotetereka ni ya kwangu, mie niliyekuwa nakula mikate ya mofa kwa mawazo, sijijui kama ninayo.

mchora_ramani (saa 4:48 usiku)

Bikizee, mtungi unafanya kazi kwa maji kuvukizwa na upepo, kwa hiyo mahali pakavu unapoza zaidi. Hapa kwetu hewa ina unyevu, hasa masika, usitegemee baridi ya friji. Lakini kichupa kinachotumika hakihitaji baridi ya friji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti wao. Walipima joto ndani ya nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya, likawa linapanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37. Wakaweka insulini za namna mbalimbali kwenye joto la kupanda na kushuka vivyo hivyo kwa wiki nne. Nguvu yake ikabaki sawa na ile iliyokaa kwenye baridi.

Kwa hiyo lile kopo la chumbani la ami wiki ya kwanza lilikuwa salama kuliko friji la duka. Kuna ucheshi mchungu hapo.

NesiMstaafu (saa 5:05 usiku)

Kweli, ila mtu asome na karatasi iliyomo ndani ya boksi lake, maana zinatofautiana. Ambacho hujakifungua kikae friji, mlangoni au rafu ya kati, mbali na barafu. Unachokitumia kikae mahali pa kivuli penye ubaridi wa kawaida, wiki nne hivi, andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu yake. Si dirishani, si juu ya kabati la jikoni, si ndani ya gari. Kwenye boti kiwe kwenye mkoba wako wa mkononi, na ukikizungushia barafu, weka taulo katikati.

Bado simuoni mwenye uzi.

mkarafuu_mkongwe (Alhamisi, saa 2:30 usiku)

Nipo. Nilikuwa nimelazwa kitandani kwa amri ya mke wangu, simu amenipa leo.

Dada Nesi, ujumbe wako nimeuona leo, umechelewa kunifikia kwa siku mbili. Nieleze ilivyokuwa.

Jumatatu jioni kichupa kipya, nikachoma 16 kama nilivyopangiwa. Jumanne nikaamka, nikapima: 5.2. Sijaiona tano kwenye maisha yangu ya kisukari. Nilimwamsha mke wangu kumuonesha mashine. Kwa furaha hiyo nikachoma 24, nikanywa chai ya rangi na nusu boflo, maana nilikuwa na haraka. Msimu wa karafuu umefika na wachumaji hawangoji mtu.

Saa nne unusu niko juu ya mkarafuu, nimekaa tawi la tatu, kikapu kimefika nusu, upembo mkononi navuta tawi la mbele. Kwanza nikaona vikonyo vinakuwa viwili viwili. Nikadhani jua. Halafu jasho, lakini jasho la baridi, shati limeganda mgongoni na upepo unapiga. Mkono ulioshika upembo ukaanza kucheza. Nikataka kuita, ulimi mzito. Kitu cha ajabu ni kuwa nilikuwa na hasira, nimemkasirikia mtu chini aliyekuwa anaimba, nikataka kumtupia kikapu.

Upembo ukanitoka. Ndiyo uliyoniokoa, maana ulipoanguka kijana wa dada yangu akainua kichwa. Anasema nilikuwa nimelikumbatia shina, macho wazi, simjibu. Alipanda akanishika kiuno, akanishusha tawi kwa tawi kama anashusha gunia.

Chini wachumaji walikuwa na birika la chai ya shamba, ile chai ambayo kijiko kinasimama kwa sukari. Nilikuwa naweza kumeza. Wakaninywesha vikombe viwili. Kijana akakimbia nyumbani kuleta mashine. Alipofika mie nishaanza kujua jina langu. 3.4, na hiyo ni baada ya chai. Sijui huko juu ilikuwa ngapi na sitaki kujua. Wakanipa kikombe chengine, baada ya robo saa 5.9, nikala muhogo.

Kikapu kilimwagika chote. Watoto wakaziokota.

kijana_wa_darajani (saa 2:38 usiku)

Subhanallah. Ami, mshukuru huo upembo.

dawa_ya_babu (saa 2:44 usiku)

Si nilisema mie.

mamake_wawili (saa 2:51 usiku)

Wewe nyamaza mwaya.

NesiMstaafu (saa 3:30 usiku)

Alhamdulillahi umo hai. Sikulaumu, ujumbe haukukufika. Lakini natamani jambo hili lisomwe na wengi: kichupa kikibadilishwa baada ya kilichoharibika, dozi iulizwe upya kabla ya sindano ya kwanza. Tunawafundisha watu kuogopa sukari kupanda. Kupanda kunaharibu kwa miaka. Kushuka kunakuangusha kabla ya adhuhuri.

Na saa nne unusu si bahati mbaya. Ile 30/70 ina insulini mbili ndani: ya haraka, nguvu yake kubwa saa mbili mpaka nne baada ya kuchoma, na ya polepole inayofuatia mpaka alasiri. Umechoma saa moja, umekula nusu boflo, umepanda mti. Kazi ya mwili nayo inakula sukari. Vyote vitatu vimekutana juu ya tawi.

Chini ya 4 ni kushuka, hata kama hujisikii vibaya. Dawa yake ni sukari ya kawaida, vijiko vitatu vya chai ndani ya maji, au nusu ya chupa ya soda, ile yenye sukari, siyo ya dayati. Ungoje robo saa, upime, kama bado chini unarudia. Ikikaa sawa unakula kitu cha kushikilia, boflo au ndizi au muhogo kama ulivyofanya. Watu wa hapa hukimbilia kashata na halua kwa kuwa ni tamu. Nazi na samli vinaichelewesha sukari kuingia kwenye damu, hiyo siyo haraka unayoitaka. Na mtu akiwa hajitambui, asitiwe chochote kinywani, hata tone. Alazwe ubavu na akimbizwe spitali, huko sukari wataipitisha kwenye mshipa.

Mkarafuu, ulipoona hasira isiyo na sababu ndipo ulipotakiwa kushuka. Wapo ambao dalili yao ya mwanzo ni hiyo, wanagombana na wake zao bure.

Kesho nenda na daftari. Usimpelekee daktari ile 5.2 peke yake, mpelekee na habari ya malai na ya mti.

mja_wa_kiuyu (Ijumaa, saa 9:15 alasiri)

Samahani naingilia. Mie nachoma mara mbili kwa siku kama mwenye uzi. Ramadhani vipi? Mwaka jana nilifunga bila ya kumwambia daktari, nikawa siku nzima nalala msikitini. Na je, kupima kidole kunafunguza?

ustadhi_mstaarabu (saa 10:05 alasiri)

Kutoboa kidole hakufunguzi, ni tone la damu. Sindano ya insulini pia wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala haichukui pahala pa chakula. Lakini swali la kwanza ni kama unatakiwa ufunge. Soma Al-Baqara, aya ya 184 na 185: mgonjwa amepewa siku nyengine, na asiyeweza kabisa analisha maskini. Daktari mwaminifu akikwambia funga yako ina hatari, kumsikiliza ni dini vilevile.

NesiMstaafu (saa 11:40 alasiri)

Ahsante ustadhi. Naongeza la spitali tu. Nenda wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi, dozi zibadilishwe na daktari; mara nyingi kubwa inahamia futari na ya daku inapunguzwa. Mchana unapima. Ikishuka chini ya 3.9 unafungua, hata zikibaki dakika kumi magharibi iingie. Ikipita 16.7 unafungua pia. Hao "dakika kumi tu" nimewapokea wengi wakibebwa.

Na futari yenyewe: tende, uji, tambi za sukari, muhogo wa nazi, mkate wa kumimina, vyote mkupuo mmoja. Chagua viwili, mwanangu.

bikizee_wa_ng'ambo (saa 1:10 usiku)

Mkate wa kumimina nimeuacha kwa talaka tatu. Naupita Darajani nageuza uso.

mkarafuu_mkongwe (saa 3:00 usiku)

Nimerudi kliniki. Daktari kasikiliza mpaka mwisho, akaandika "iliganda" kwa wino mwekundu pembeni ya daftari langu. Dozi imerudi chini, 14 na 8. Kanishika tumbo, akakuta pale kushoto ya kitovu pana uvimbe laini kama andazi, kasema nisichome hapo mpaka paondoke, insulini hapo inaingia kwa kubahatisha. Natakiwa nihame, kila sindano mbali na ya jana kwa kiasi cha kidole.

Swali: stripu nitazigawaje? Boksi la 50 halimalizi mwezi nikipima mara mbili tu.

NesiMstaafu (saa 3:35 usiku)

Usipime saa ile ile kila siku, utajua kipande kimoja cha siku na vyengine viko gizani. Leo pima alfajiri na kabla ya chakula cha jioni. Kesho kabla ya chakula cha mchana na kabla ya kulala. Siku nyengine saa mbili baada ya kula wali. Mara moja saa tisa usiku. Wiki ikiisha, kwenye daftari moja unaona siku nzima. Pembeni ya namba andika ulikula nini, ulichuma au ulikaa. Namba tupu haimsaidii mtu.

Na uwe na akiba ya stripu mbili tatu ambazo hazimo kwenye hesabu, za siku utakapojihisi vibaya. Kopo lake lifungwe kila ukitoa, unyevu wa huku unaziharibu. Na usishtuke ukipima mara mbili ukapata 7.0 na 7.8, mashine za nyumbani zinaruhusiwa kutofautiana kiasi hicho.

mamake_wawili (saa 4:00 usiku)

Ami, na sindano zilizotumika utie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, ikijaa uipeleke kituo cha afya. Wewe unaishi na wajukuu wanaotembea peku. Mwanangu mie skuli anayo chupa yake, mwalimu wake kaiandikia jina kama kalamu. Mwaka wa kwanza alikuwa anajifungia chooni kuchoma asionekane. Sasa wenzake wanampokezana kumsomea namba ya mashine, wanabishana nani zamu yake.

Na hakikisha sindano imeandikwa 100. Za 40 zipo mitaani, alama zake haziendi na kichupa chako.

mkarafuu_mkongwe (wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa 2:00 usiku)

Nimerudi kutoa ripoti, mlionisaidia mna haki ya kujua.

Asubuhi za wiki hii: 8.1, 7.4, 7.7, 6.9, 7.2. Ile ya saa tisa usiku nimepima, 6.3. Kushuka nimepata mara moja, 3.8, mchana nimechelewa kula, nikainywa soda yangu nusu mambo yakaisha.

Kichupa kinakaa kwenye kopo ndani ya mtungi, chumbani, kimeandikwa tarehe. Cha akiba kipo spitali, nikikimaliza hichi ndipo nakifuata. Yule jirani nimemfundisha, na kumbe si mie peke yangu. Alikuwa na kichupa cha bibi mmoja wa mtaa wa pili chini ya trei ile ile. Tumekwenda mie na yeye mpaka kwa yule bibi. Kakikataa kutupa, anasema kina gharama. Mwanawe kakitizama kwenye mwanga, akakitia mfukoni mwake bila ya kusema neno, akatoka nacho kuelekea spitali, na nimemkimbilia mpaka barabarani kumwambia habari ya dozi.

Kupanda mikarafuu nimeacha mpaka msimu ujao, daktari akitaka. Nakaa kwenye majamvi nachambua makonyo pamoja na kina mama, wananicheka. Mfukoni nina sukari kwenye kijikaratasi, na kijana wa dada yangu anayo nyengine, kisa nimekisikia kakisimulia mpaka Chake.

Mke wangu kaniomba radhi kwa kunituhumu halua. Nimempokelea. Ile ya Ijumaa ya wiki ya pili sikumtajia.